Njia ya Kushukia Majini

Msomaji, ukiifungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, utakuta maneno ya kufurahisha moyo. Kifungu hicho kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na miongoni mwake kinataja mito na maziwa, kinataja bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi pamoja na sakafu yake, kisha kinataja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa maneno hayo machache tajiri na maskini wamesawazishwa. Mchanga unaolowa kila siku si wa mwenye hoteli, si wa mwenye jumba la kifahari, wala si wa waziri. Ni wako na wangu.

Lakini binadamu hana mbawa. Ili akanyage mchanga ulio wake hana budi kupita juu ya ardhi kavu kwanza, na ardhi hiyo kavu aghalabu ina mwenyewe, na mwenyewe ana ukuta, na ukuta una lango, na langoni ameketi askari mwenye rungu na daftari. Hapo ndipo haki ya Katiba inapokwama. Waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka walijua walilosema. Nadai katika insha hii kwamba haki ya maji isiyo na njia ya kufikia maji ni haki ya karatasi, na kwamba kila njia ya umma ya kushukia mtoni, ziwani na baharini yapasa kupimwa, kuandikwa na kulindwa kwa bidii ile ile tunayotumia kulinda shule na hospitali.

Watu wa pwani hupaita mahali pa kushukia na kupandia vyombo kwa jina la diko. Neno ni fupi, na wasioijua bahari hudhani kwamba jambo lenyewe ni dogo vile vile: mchanga, maji, basi. Ndiyo maana wavuvi wakizibiwa njia huambiwa, "Ufuo ni mrefu, nendeni mkashukie pengine." Msemo huu ndio mama wa dhuluma yote iliyopo katika jambo hili, nao husemwa kwa upole na watu walioelimika. Basi na tuupime.

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe ulionyoka sambamba na nchi kavu. Ndani ya mwamba maji ni matulivu. Nje yake ni bahari kuu. Chombo hakivuki juu ya mwamba popote kipendapo. Hupita katika milango, na milango ni michache. Diko jema huwa mahali ambapo nahodha akiingia mlangoni hupafikia kwa usalama, hata giza likiwa limetanda, kwa kuwa anajua mti gani auweke mkono wa kulia na jiwe gani aliepuke. Kisha kuna maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tofauti baina ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3, na penye mteremko mdogo bahari hurudi nyuma mamia ya hatua, ikauacha mtumbwi umelala juu ya majani ya bahari hadi saa nyingine. Aliyezoea diko lenye kina hawezi kuhamishiwa mahali pa namna hiyo bila kupoteza nusu ya siku yake ya kazi. Kisha kuna pepo. Kusi, livumalo tangu Aprili hadi Septemba au zaidi, huleta mawimbi yasiyo na mzaha, na chombo huhitaji kukingwa na rasi au mkono wa mwamba. Tena panatakiwa uwanja wa juu, maji yasipofika, pa kupandishia vyombo ili vikalafatiwe, panatakiwa mti wa kivuli wa kushonea nyavu, panatakiwa kisima, na panatakiwa njia pana ya mkokoteni au gari.

Mahali penye mambo yote haya hapakuchaguliwa na karani mezani. Palichaguliwa na vizazi vya watu waliojaribu kwingine wakashindwa, na baadhi yao hawakurudi kusimulia. Kumwambia mvuvi akashukie pengine ni sawa na kumwambia mkulima akapande mahindi yake barabarani, kwa sababu barabara nayo ni ardhi.

Wala si mvuvi peke yake. Samaki hana subira. Akitolewa majini katika joto la pwani, pasipo barafu, huanza kuharibika kabla jua halijapanda sana. Kila nusu saa anayobebwa kichwani kwa kuzunguka ukuta wa mtu ni shilingi zinazopungua. Nao wanaomngoja pale dikoni si matajiri wenye magari ya baridi. Wengi ni wanawake, wale ambao pwani huitwa mama karanga, wanaonunua samaki wachache, wakawakaanga, wakawauza jioni mitaani, na faida ikalipa karo. Mama karanga hana nauli ya kufuata diko lililohamishwa. Diko likifungwa, mvuvi huenda akapata tajiri wa kumpa kazi katika chombo kingine. Mama karanga hurudi nyumbani na karai tupu. Katika hesabu za maendeleo sijaona mahali anapoandikwa.

Na mtoni je? Hapo jambo ni zito zaidi. Mto Tana, ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukashuka kwa safari ya kilomita zipatazo 1,000, ukapita Garissa, Hola na Garsen, ukaingia baharini karibu na Kipini. Sehemu za chini Wapokomo hulima kingoni na kuvua kwa mitumbwi mtoni na katika maziwa yanayoachwa na mto unapobadili mkondo. Waorma na wafugaji wengine huleta ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi, wakipita katika njia maalumu za kushukia majini ziitwazo malka. Kingo za Tana si sawa kila mahali. Pengine ni ukuta wa udongo wenye kimo cha mtu wawili. Pengine ni kichaka. Pengine ni kidimbwi cha mamba. Penye mteremko mwema ndipo mtumbwi unapofungwa, ndipo maji yanapochotwa, ndipo ng'ombe wanaponyweshwa. Ukipafunga hapo umefunga mto wote, hata kama kingo zilizobaki ni wazi kwa maili na maili.

Wanafunzi wa leo hawakumbuki vema mwaka 2012, walipokuwa wadogo au hawajazaliwa. Mwaka ule, kuanzia Agosti, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya jirani na jirani huko Tana. Na mapema, mwaka 2001, damu ilikuwa imekwisha kumwagika vivyo hivyo. Sisemi kwamba njia za maji zilikuwa sababu pekee. Siasa ilikuwamo, na silaha zilikuwamo. Lakini ugomvi wa mashamba yaliyozuia malka, na wa ng'ombe walioingia katika mashamba kwa kukosa malka, ulikuwa moyoni mwa jambo. Mkulima alikuwa na haki ya shamba lake, na mfugaji alikuwa na haki ya maji. Kilichokosekana ni utepe wa ardhi, usio mpana hata kidogo, ambao serikali ingaliupima mapema na kusema: huu si wa huyu wala si wa yule, huu ni wa wote, usilimwe wala usizibwe. Ni kazi ya mpima ardhi mmoja na vijana wachache wa kushika mnyororo. Linganisha gharama yake na gharama ya makaburi.

Sasa tutazame jinsi diko linavyopotea, maana halipotei siku moja. Kwanza huja mtu mwenye adabu akanunua kiwanja kando ya njia. Hupanda ua la michongoma, na watu husifu maua. Mwaka unaofuata ua husogea. Njia iliyopitisha gari sasa hupitisha mkokoteni; iliyopitisha mkokoteni hupitisha mtu na kapu lake. Kisha hujengwa lango, na watu huambiwa kwamba lango ni kwa usalama wao wenyewe, litakuwa wazi mchana kutwa. Kisha huwekwa daftari. Kisha daftari huulizia kitambulisho. Siku moja mvuvi hufika alfajiri, maji yamejaa, wenzake wamekwisha tweka, naye hukuta kufuli. Askari amelala, au amesafiri, au ameagizwa. Bandu bandu huisha gogo. Mwisho wa yote hutokea hati ya kumiliki ardhi, na njia iliyotumiwa na babu zetu hujulikana kwa nambari ya kiwanja cha mtu.

Usidhani nabuni hofu. Mwaka 2003 serikali iliunda tume, iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilieleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, kwa watu wakubwa na jamaa zao na vipenzi vyao. Sheria hazikukosekana. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliamuru ukanda wa kingo za mito usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande uachwe bila kuvurugwa. Kanuni ilikuwepo, na kuta zilikuwepo, na kuta ndizo zilizokuwa na nguvu.

Najua majibu ya wenye kuta, nami nitayajibu, kwa kuwa si haki kumshambulia mtu bila kumsikiliza.

La kwanza, husema kwamba njia ya umma huleta wezi. Mwenye kiwanja mmoja aliniambia hivyo kwa uso mkavu, akisimama karibu na ukuta alioujenga juu ya njia ya watu. Sikumjibu, kwa kuwa swali la nani amemwibia nani lilikuwa limesimama baina yetu lenyewe. Lakini kwa wanaouliza kwa nia njema, jibu ni hili: mwizi hupenda mahali pasipo watu. Diko lenye wavuvi alfajiri, wachuuzi asubuhi, mafundi mchana na watoto wanaoogelea jioni lina macho mia, yasiyolipwa mshahara wala kusinzia zamu.

La pili ni uchafu. Hapa nakiri kwamba wenye kulalamika hawasemi uongo mtupu. Yako madiko yanayonuka, yenye matumbo ya samaki na vipande vya nyavu kila mahali. Wako wavuvi wanaotumia nyavu zilizokatazwa na kuvuna samaki wasiofikia kimo cha kidole. Ni aibu, nao waambiwe. Lakini kuna chombo cha kuwaambia. Tangu kanuni za mwaka 2007 viko vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo watu wengi huviita BMU, vyenye wajibu wa kusimamia diko, usafi wake na uvuvi wake. Kikundi kikilala, kiamshwe. Choo cha shule kikiwa kichafu hukisafisha, huuzi shule.

La tatu, nalo ndilo lenye sauti kubwa, ni maendeleo. Ati hoteli huleta wageni na wageni huleta fedha na kazi, na mgeni hataki kuona mitumbwi na mikia ya samaki. Nani kasema hataki? Huko Kisumu, katika diko la Dunga, wavuvi wa Ziwa Victoria hushusha samaki wao, na mahali papo hapo wageni hupanda mashua kwenda kutazama viboko na ndege, kisha hurudi wakala samaki. Mgeni aliyevuka bahari kuja kutazama ukuta wa saruji sijamwona. Na hata kama yuko anayetaka ufuo mtupu, ni nani aliyetoa idhini starehe yake inunuliwe kwa chakula cha mwenyeji? Isitoshe, mwenyeji naye hutaka starehe. Nenda Mombasa siku ya sikukuu, katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, uone watu walivyosongamana, familia juu ya familia, hata mchanga hauonekani. Si kwamba pwani ni fupi. Ni kwamba milango ya kuingilia pwani ni michache. Kijana wa Kisauni au Likoni apendaye kujifunza kupiga kasia au kuogelea huiona bahari kila siku akiwa ndani ya matatu, na kuikanyaga mara mbili kwa mwaka.

La nne husemwa na wenye hati: "Nilinunua kwa fedha yangu, kiwanja ni changu hadi majini." Jibu la neno hili ni la kale kuliko nchi nyingi za leo. Mwaka 533 Kaisari Justinian wa Roma ya Mashariki alitoa kitabu cha kufundishia sheria, na humo imeelezwa kwamba hewa, maji yatiririkayo, bahari na fuo zake ni mali ya watu wote. Kuhusu mito kitabu kinakwenda mbali zaidi. Kinakubali kwamba ukingo na miti iliyoota juu yake ni mali ya mwenye shamba lililopakana na mto. Lakini matumizi ya ukingo ni ya umma, na kila mtu ana ruhusa kuleta chombo chake pale, kukifunga kwa kamba katika miti ile, na kushusha shehena yake. Tazama jinsi Warumi walivyopambanua mambo mawili ambayo wenye kuta wetu huyachanganya kwa makusudi: kumiliki ni jambo moja, kuzuia ni jambo jingine. Mti ni wako. Kamba yangu nitaifunga.

Huenda ukasema Roma imekufa. Basi njoo Marekani, nchi isiyojulikana kwa kudharau mali ya mtu binafsi. Mwaka 1869 bunge la jimbo la Illinois liliipa kampuni ya reli zaidi ya ekari 1,000 za sakafu ya Ziwa Michigan, mbele ya mji wa Chicago, mahali penye bandari. Mwaka 1873 bunge lilijuta likafuta tendo lake. Kampuni ilishika sheria iliyoipa ardhi kama ruba ashikavyo mguu, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1892 mahakama iliamua kwamba jimbo lilishika sakafu ile kama amana kwa ajili ya watu, ili wapate kusafiri majini, kufanya biashara na kuvua samaki, na kwamba amana ya namna hiyo serikali haina uwezo wa kuigawa yote kama apendavyo mtu kugawa shati lake. Lishike neno amana, msomaji. Anayeuza amana hakuuza kitu, na anayeinunua hakununua kitu, hata awe na muhuri mwekundu.

Na hapa kwetu mahakama hazikukaa kimya. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ilitoa hukumu katika shauri la watu wa Lamu juu ya bandari mpya, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata katika riziki yao. Malipo hayakwenda kwa kasi ya hukumu, na bilioni hazirudishi mlango wa bahari uliozibwa. Hata hivyo jambo moja lilithibitika: mahali pa kuvulia na njia ya kufika huko si hisani ya serikali kwa mvuvi. Ni kitu chenye thamani, kinachoweza kuhesabiwa mbele ya hakimu.

Kwa hiyo nataka nini? Sitaki kuta zote zibomolewe kesho; wako wenye hoteli waliojenga kwa haki na kuacha njia wazi. Nataka kila kaunti yenye mto mkubwa, ziwa au bahari iandike orodha ya madiko na malka zake zote, yaliyo wazi na yaliyozibwa. Nataka kila moja lipimwe, pamoja na njia ya kulifikia kutoka barabara kuu, maana diko lisilo na njia ni kisiwa. Nataka hati iandikwe kwa jina la umma, na alama za mipaka zisimikwe ardhini mahali ambapo mtoto anaweza kuziona. Nataka upana uwe wa kutosha gari na uwanja wa kuanikia nyavu, si uchochoro wa kupitisha mtu mwembamba. Na palipozibwa pafunguliwe, mwenye kuziba agharimie.

Wewe unayesoma haya darasani umefundishwa kusoma ramani katika somo la jiografia. Itumie elimu hiyo. Chagua diko moja au malka moja iliyo karibu na kwenu, uwaulize wazee ilianza wapi na iliishia wapi, kisha uende na wenzako na mwalimu wenu katika ofisi ya ardhi ya kaunti, mkaombe kuonyeshwa ramani yake. Ulizeni nambari yake, upana wa njia yake, na jina lililoandikwa juu yake. Mkiambiwa kwamba jalada limepotea, andikeni tarehe, andikeni cheo cha aliyewaambia hivyo, na mrudi juma lijalo.